Chombo Kikinyamaza

Kila chombo kilichotengenezwa na mkono wa mtu kina siku yake ya kutenda kazi na siku yake ya kukataa. Jembe huchomoka mpini, saa husimama, taa huzimika. Hilo si jambo la ajabu. La ajabu ni namna watu wenye akili timamu wanavyogeuka chombo kinapokataa. Mmoja hukipiga kofi kana kwamba kina masikio. Wa pili hukitupa kabla ya kukitazama. Wa tatu hutafuta mtu wa kumlaumu. Ni wachache wanaoketi, wakanyamaza kama chombo chenyewe kilivyonyamaza, kisha wakauliza: Kimepatwa na nini? Insha hii, ewe msomaji, imeandikwa ili uhesabiwe miongoni mwa wale wachache.

Nimechagua chombo kimoja kiwe mfano wetu, nacho ni spika isiyo na waya. Bila shaka umekiona. Kimo katika sebule za matajiri na katika vyumba vya wapangaji, kimo dukani kwa kinyozi na katika kibanda cha mwuza chai. Simu huwekwa mahali pamoja, spika mahali pengine, na kati yao hapana kitu kinachoonekana. Hata hivyo wimbo, hotuba, au taarifa ya habari huvuka nafasi hiyo tupu na kufika salama. Waya ukikatika, jicho huuona ukatikaji huo na mkono huufunga. Wimbi likikatika, jicho halina habari. Hii ndiyo sababu chombo hiki ni mwalimu bora wa uchunguzi: humlazimisha mwanafunzi wake kutumia akili mahali ambapo macho hayafiki.

Tuanze na njia yenyewe, kwa maana asiyeijua njia hawezi kusema mahali msafiri alipopotelea. Mwaka 1865 mwanachuoni wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa nguvu za umeme na sumaku zaweza kusafiri pamoja kama mawimbi, kwa mwendo wa mwanga. Hesabu ilitangulia, ushahidi ukafuata. Mjerumani Heinrich Hertz aliyazalisha mawimbi hayo katika maabara yake na kuyapima kati ya mwaka 1887 na 1888. Alifariki mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36 tu, lakini jina lake halikuzikwa pamoja naye: kila tunapotaja masafa ya redio kwa hezi, megahezi au gigahezi, tunamtaja yeye. Katika nchi yetu ya Kenya matangazo ya redio yalianza mwaka 1928. Kwa hiyo sauti inayofika bila waya si ngeni kwetu. Iliyo ngeni ni ile inayosafiri hatua chache tu, kutoka mezani hadi rafuni.

Safari hiyo fupi hufanywa zaidi kwa utaratibu uitwao Bluetooth. Jina hili ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu. Yeye aliwaunganisha watu waliotengana, na waliochagua jina walitaka utaratibu wao uunganishe vyombo vilivyotengana. Mwaka 1998 makampuni matano, Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba, yaliingia mapatano ya kuuendeleza. Hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, yaani mitikisiko bilioni 2.4 kwa kila sekunde moja. Nawe, kwa kuwa u mwanafunzi, chukua kalamu upige hesabu: wimbi husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde, gawanya kwa 2,400,000,000, utapata mita 0.125. Urefu wa wimbi hili basi ni sentimita 12 na nusu, hata shibiri haufiki. Kumbuka kipimo hicho, maana tutakihitaji.

Masafa hayo ni kama uwanja wa soko usio na mwenyewe. Nchi nyingi zimeuacha wazi ili vyombo vya nguvu ndogo viutumie bila leseni, na kwa hiyo umejaa: waifai ya nyumba hii na ya jirani, simu, vipanya vya kompyuta, na vingine vingi. Namna gani basi spika yako husikia simu yako katika kelele hizo? Husikia kwa kuhamahama. Bluetooth ya kusafirishia muziki imeugawa uwanja katika vijia 79, na simu na spika huruka pamoja kutoka kijia hiki hadi kile mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao wao wawili wamekwisha kupatana. Wazo la kurukaruka hivi ni la zamani. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani kwa mtambo wa siri wa kuongozea makombora ya baharini, ambao ungeruka katika masafa 88, sawa na idadi ya vibonyezo vya piano. Usidharau basi elimu yoyote. Aliyejua piano alifaa katika mambo ya vita.

Sasa, chombo kimenyamaza, au sauti inakatikakatika kama usemi wa mtu mwenye kwikwi. Ufanye nini? Fuata utaratibu, wala usiruke ngazi. Kwanza uliza habari za nguvu. Je, umeme umefika? Soketi imewashwa? Adapta imeshika? Betri ina chaji, au ni nzee kiasi kwamba hujaa upesi na kuisha upesi? Watu wengi huona haya kuanza na swali jepesi kama hili, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mara nyingi ubovu wote huwa ni kichwa cha waya kilicholegea nyuma ya kabati.

Pili uliza habari za chanzo. Simu yenyewe inatoa sauti? Kiwango cha sauti kimepandishwa katika simu na katika spika pia, au kimoja kimeachwa chini? Tatu uliza habari za uoanishaji. Spika nyingi hukubali kusikiliza simu moja tu kwa wakati mmoja, nazo huzikumbuka simu zilizopata kuoanishwa nazo zamani. Yawezekana spika yako haikunyamaza hata kidogo, bali imejiunga na simu ya ndugu yako aliyelala chumba cha pili, nayo inamngojea aseme. Zima Bluetooth ya simu nyingine zote, uifanye simu yako iisahau spika, kisha uzioanishe upya.

Nne uliza habari za njia. Vyombo vingi vya namna hii hufanywa kwa umbali wa mita 10 mahali peupe, na nyumba si mahali peupe. Ukuta wa mawe hupunguza wimbi, bati na chuma hulirudisha, na mwili wa mtu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hulimeza. Mtu aliyeiweka simu katika mfuko wa nyuma, akaipa spika uso, amejifanya yeye mwenyewe kuwa ukuta. Na hapa ndipo hesabu yetu ya shibiri inapofaa. Wimbi moja hufika kwa njia iliyonyoka, jingine hufika baada ya kugonga ukuta. Yakikutana yanaweza kuuana, moja likipanda lingine likishuka. Kwa kuwa wimbi lina urefu wa sentimita 12 na nusu tu, kuisogeza spika kwa upana wa kiganja huenda kukatosha kuitoa katika mahali pafu na kuitia katika mahali hai. Mjinga akiona hivyo husema chombo kina pepo. Mwenye elimu huona kuwa amepima wimbi kwa mkono wake.

Tano uliza habari za washindani: ni chombo gani kingine kinachosema katika uwanja uleule, na husema saa ngapi? Swali hili la tano ndilo linalosahauliwa sana, nami nitakueleza kisa nilichokishuhudia ili ujue kuwa kulisahau kwaweza kumdhulumu mtu.

Mjomba wangu aliyekaa Nakuru alikuwa mwalimu mstaafu, na uzeeni macho yake yalipungua nguvu hata gazeti likawa karatasi nyeusi mbele yake. Binti yake alimnunulia spika isiyo na waya. Kila jioni, saa moja, aliketi katika kiti chake, simu mkononi, akasikiliza taarifa ya habari kutoka rafuni. Kwa mzee yule spika haikuwa pambo; ilikuwa ndiyo macho yake ya kuitazama dunia. Nilipomtembelea wakati mmoja nilikuta nyumba imenuna. Spika ilikuwa ikikatikakatika kila jioni, na mjomba alikwisha kutoa hukumu: msichana aliyesaidia kazi za nyumbani, ambaye alikuwa hajamaliza mwezi tangu aje, ameiangusha alipokuwa akipangusa vumbi, naye anaficha.

Hukumu hiyo ilikuwa na ushahidi wake. Kabla msichana hajaja, spika haikuwa na kasoro. Baada ya kuja kwake, kasoro ikaanza. Tena sauti ilikatika wakati yeye yumo jikoni, na akitoka jikoni ikatulia. Majirani waliosikia maneno hayo walitikisa vichwa. Bei ya spika ilikaribia mshahara wake wa mwezi mmoja, na iliamriwa kuwa ikatwe yote, kisha arudi kwao. Alikuwa na mdogo wake wa kidato cha pili aliyemlipia karo. Nilimwuliza, naye akanijibu neno moja tu, "Sikuiangusha," kisha akaendelea kuosha vyombo. Wahenga walisema kuwa msema pweke hakosi, na katika nyumba ile aliyesema alikuwa mmoja.

Nilimwomba mjomba siku mbili. Nilimwambia, "Mjomba, chombo kilichopasuka kwa kuangushwa hupasuka asubuhi na jioni. Mbona hiki asubuhi ni kizima?" Alikaa kimya kidogo, akasema, "Haya, chunguza."

Jioni ya kwanza niliiunganisha simu na spika kwa waya mfupi wenye ncha ya milimita 3.5, saa ileile ya taarifa ya habari. Sauti haikukatika hata mara moja. Kwa tendo hilo moja nilikwisha kuligawa tatizo katika nusu mbili na kuitupa nusu moja: sanduku, betri na koni ya spika vilikuwa vizima, na ubovu ulikuwa katika safari ya hewani. Nikauondoa waya, nikajaribu simu yangu mahali pa simu ya mjomba. Sauti ikakatika vilevile. Kwa hiyo simu ya mjomba nayo haikuwa na hatia.

Jioni ya pili nilimwomba msichana akae jikoni mikono mitupu, asifanye kazi yoyote. Taarifa ya habari ikaenda shwari. Kisha nikamwomba atoke aketi sebuleni pamoja na mjomba, nami nikaingia jikoni mahali pake. Katika jikoni ile palikuwa na tanuri jipya la maikrowevu, limewekwa juu ya meza iliyoegemea ukuta wa mbao, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo rafu ya spika ilipokuwa. Nikatia kikombe cha maji katika tanuri, nikaliwasha. Kutoka sebuleni nikasikia sauti ya mtangazaji ikimeguka vipande vipande. Nikalizima, sauti ikaunganika. Nikaliwasha tena, ikameguka tena. Nilifanya hivyo mara tatu ili pasiwe na shaka.

Sababu yake ni hii. Tanuri la maikrowevu hupasha chakula moto kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, yaani katika uwanja uleule wa Bluetooth. Tanuri la wati 800 lina nguvu mara 320,000 kuliko chombo cha Bluetooth cha miliwati 2.5. Kuta zake za chuma huyazuia mawimbi hayo yasitoke, na kidogo kinachopenya hakimdhuru mtu ikiwa mlango ni mzima; lakini kidogo hicho, kikiwa karibu na spika, chaweza kuwa kelele kubwa kupita sauti ya simu iliyo upande wa pili wa chumba. Ni kama mtu anayenong'ona kutoka mbali huku mwingine akipiga ngoma sikioni mwako. Asubuhi chakula kilipikwa kipya juu ya gesi. Jioni kilipashwa moto katika tanuri. Na tanuri lile lilinunuliwa mwezi uleule alioajiriwa msichana. Wageni wawili waliingia katika nyumba ile kwa pamoja. Mmoja alikuwa na kinywa cha kujitetea lakini hakupewa nafasi, na wa pili hakuwa na kinywa wala hakushukiwa.

Dawa yake haikugharimu hata senti. Tuliihamisha spika kutoka rafuni tukaiweka karibu na dirisha, mbali na ukuta wa jikoni, hatua moja kutoka kiti cha mjomba. Jioni iliyofuata tanuri liliwashwa kama kawaida, naye alisikiliza taarifa yake mpaka mwisho. Ilipokwisha aliagiza majirani wale wale waitwe. Akasimama, akamwambia msichana, "Binti yangu, neno nililolisema juu yako mbele ya watu nalifuta mbele ya watu." Msichana akaitikia, "Asante, Mzee." Mshahara ulilipwa kamili mwisho wa mwezi.

Zingatia, msomaji, mahali mjomba alipopotea, kwa maana hakuwa mtu mwovu wala mpumbavu. Aliyoyaona yalikuwa kweli: sauti ilikatika msichana akiwa jikoni. Lakini kutukia pamoja si kusababishana. Jogoo huwika na alfajiri huja, wala jogoo siye aletaye alfajiri. Mtu akitaka kujua lipi limeleta lipi, sharti avitenganishe vile vinavyokwenda pamoja na kuvijaribu kimoja kimoja: msichana bila tanuri, tanuri bila msichana. Hiyo ndiyo kanuni kubwa ya kazi hii. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike ulilobadili na lililotokea. Anayebadili mambo matano kwa pamoja, chombo kikipona, hajui kilichokiponya. Na kesho kikiugua tena, huanza upya kama mtu asiyepata kujifunza.

Yako pia mambo yanayodhaniwa kuwa ubovu, kumbe ni tabia ya chombo. Ukitazama filamu na spika ya Bluetooth, huenda ukaona midomo ya wasemaji ikitangulia maneno yao. Hilo halitokani na mwendo wa wimbi, kwani wimbi huvuka sebule yako kabla hujakaribia kupepesa jicho. Hutokana na kazi ya kuifunga sauti katika vifurushi upande wa simu, kuiweka akiba kidogo, na kuifungua upande wa spika. Kazi hiyo hula sehemu ya sekunde. Televisheni nyingi zina mahali pa kurekebisha tofauti hiyo, na pasipokuwapo, waya wa kale bado ni rafiki mwema. Vivyo hivyo, spika zitumiazo waifai zaweza kuhamishwa kutoka gigahezi 2.4 hadi gigahezi 5, ambako msongamano ni mdogo. Lakini ujue kuwa mawimbi ya gigahezi 5 huchoka upesi zaidi yakikutana na kuta. Kila njia ina faida yake na kodi yake.

Tena ujue mahali pa kukomea. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, nao hauna huruma kwa mdadisi. Usifungue chombo kilichounganishwa na soketi. Na hata kikichomolewa, baadhi ya sehemu zake huweza kuhifadhi umeme kwa muda. Betri ya lithiamu iliyovimba usiiboe, usiipinde, wala usiitie chaji. Iondoe katika matumizi uipeleke kwa ajuaye. Uchunguzi wako ukifika hapo, mwendee fundi, na umwendee kama mgonjwa mwenye busara amwendeavyo tabibu. Usimwambie tu, "Imeharibika." Mwambie, "Kwa waya hufanya kazi, bila waya haifanyi. Nimejaribu simu mbili. Kasoro huja jioni." Maneno hayo machache yatampunguzia kazi, nawe yatakupunguzia gharama, na fundi mwenye nia ya kukudanganya atasita akijua kuwa unafahamu usemalo.

Huenda usipate kuwa mhandisi wala fundi wa redio. Huenda ukawa mwalimu, mkulima, hakimu, au mzazi mwenye nyumba yake. Popote utakapokuwa, kitu kitanyamaza siku moja: chombo, shamba, mtoto, au rafiki, na moyo wako utakuwa na haraka ya kutaja jina la mkosaji. Uliza kwanza kama kasoro ipo asubuhi na jioni. Uliza ni nini kingine kilichoingia nyumbani mwezi uleule. Mpe aliyeshtakiwa kiti sebuleni, uingie jikoni wewe mwenyewe, uwashe na kuzima, na usikilize.